Dozi Niliyompa Mama Yako Mdogo

Daudi, Mbulu

Bibiana,

Sweta umefunga, viatu umefunga, na sasa hivi uko mjini Mbulu unatoa kopi za vyeti na kukata tiketi ya kesho, kwa hiyo hayo sitayagusa. Una miaka ishirini na moja. Kama hujui kufua nguo zako mpaka leo, barua yangu haitakufundisha. Nimekaa hapa dukani kati ya dawa za minyoo na dawa za kupe, mvua imewazuia wateja wote, na nina saa mbili tatu kabla hujarudi. Nakuandikia kuhusu kile kiboksi.

Ndiyo, nimekiona. Sikukupekua. Uliniomba mwenyewe asubuhi nikutolee chaja kwenye begi, nikavuta waya, ukaja na soksi, na ndani ya soksi kile kiboksi cha kalamu ya sindano ya kupunguza mwili. Nimeirudisha ilipokuwa. Ukitaka kuondoka nayo utaondoka nayo, maana umri wa kunyang'anywa vitu mkononi umeshapita.

Na anayekuuzia namjua. Jumapili ulipokuwa unakoroga uji simu yako ilikuwa inahubiri peke yake mezani, sauti ya yule mwanamume anayejiita Daktari Kiuno. "Wapendwa wangu, mafuta yanayeyuka kama siagi juani." Daktari wa nini huyo? Hata mimi hapa Daudi wananiita daktari, na kazi yangu ni kuchoma mbuzi sindano. Nilimsikia akiwaambia kwamba wasichana wa mapokezi hotelini Arusha wanachaguliwa kwa kiuno. Wewe unakwenda kusomea mambo ya hoteli, ukaamini. Sikukusema. Nilinyamaza kwa sababu kwenye jambo hili mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kumsema mtu, na ndiyo sababu naandika badala ya kukukalisha chini.

Unajua kwamba mwaka juzi mama yako mdogo Magdalena alianguka motoni hapa nyumbani kwetu. Wewe ulikuwa bwenini, kidato cha sita, ukaambiwa ameungua mkono wa kushoto na ameshapona. Ulipokuja likizo ukaona kovu. Ukaniuliza ilikuwaje, nikakujibu, "Aliteleza." Nilikudanganya, na nilikuwa nimeshawadanganya wengine kabla yako.

Ilianza na sare ya kwaya. Tulikuwa tunashona sare mpya, kitenge cha bluu, na fundi alipofika kwangu akapima, akapima tena, akasema mbele ya akina mama wote, "Mama Bibiana, wewe kitambaa chako tutaunganisha viwili." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo. Hapa kwetu zamani mwanamke akinenepa baada ya mavuno watu walimpongeza mume wake, na mama yangu mzazi angeniona siku ile angemshukuru Mungu. Lakini mimi nilikuwa na simu. Nilirudi nyumbani nikanunua bando, nikaanza kutafuta.

Nilitafuta wiki tatu. Ningetumia wiki tatu zile kusoma kitu cha maana ningekuwa bwana mifugo kamili leo, siyo mwenye duka anayejuajua. Niliona wanawake wakionyesha suruali zao za zamani, mtu mzima anaingia na nafasi ya mtu mwingine inabaki. Niliona dada mmoja anajichoma tumboni huku anatabasamu, anahesabu mizunguko ya kitako cha kalamu, ndiyo kipimo cha dozi, anasema mimi nafika hapa. Hakuna aliyesema amefika hapo baada ya miezi mingapi. Labda alisema katika video nyingine. Mimi niliona hiyo moja ikanitosha. Kulikuwa pia na kurasa ndefu zenye maelezo mazuri, na chini kabisa zimeandika kwa herufi za kuchungulia kwamba dawa hii ni ya kuandikiwa na daktari, akujue kwanza. Nilizipita zile herufi kwa kidole kama mtu anayepita kaburi la jirani.

Naomba unielewe vizuri hapa, usije ukasema mama amekuwa mshamba anachukia dawa. Dawa yenyewe siidharau. Kuna watu inawasaidia, wanapewa hospitalini, wanapimwa, wanaanzishiwa kidogo na kuongezewa taratibu, wanarudi kuonwa. Ninaowadharau ni wale waliochukua kipande cha habari wakakiuza kama habari nzima, na ninayemdharau kuliko wote ni yule mwanamke wa Daudi aliyekinunua.

Kalamu yangu ilikuja kwa basi kutoka Arusha. Nataka uione picha hii vizuri. Mimi, mama yako, ambaye chanjo ya kuku ikija bila barafu namrudishia dereva hapohapo stendi, tena kwa maneno, nilipokea dawa ya mwili wangu mwenyewe kutoka chini ya kiti, jirani na injini, ya moto kama kiazi. Maandishi yake siwezi hata kukuambia ni ya nchi gani. Nikamshukuru konda.

Nilijichoma. Nilianza kidogo, kidogo kuliko alivyosema muuzaji, kwa sababu niliogopa na nilijihurumia. Nilitapika siku mbili, nikakaa sawa. Baada ya miezi kadhaa sare ikanienea kitambaa kimoja, kwaya ikanipigia makofi. Mwenyekiti wa kwaya akaniuliza siri, na mimi nikasimama mbele ya akina mama nikasema ni kufunga na kuomba. Nilisema hivyo kanisani, Bibiana. Wawili kati yao wakaanza kufunga kwa mfano wangu.

Magdalena alikuja Kwaresma ya mwaka juzi kutoka Balangdalalu kunisaidia kuvuna maharage. Aliponiona alishika mdomo. Yeye mwili wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, na sukari alikuwa nayo miaka mingi, alikuwa akimeza vidonge vyake kila asubuhi bila kukosa. Hilo nililijua. Kopo la vidonge lilikuwa juu ya kabati letu wiki nzima, nililisogeza mwenyewe nilipofuta vumbi.

Yeye nilimwambia ukweli, kwamba ni sindano. Akasema, "Dada, na mimi nichome basi. Magoti yananiuma."

Sasa sikiliza nilichofanya. Umekua ukiniona nikifanya kazi hii. Mtu akileta ng'ombe, nampitisha utepe kifuani, nakadiria uzito, naongeza dozi kwa kadiri ya mnyama. Dume kubwa linapata nyingi, ndama anapata kidogo. Miaka kumi na minne mkono wangu unafanya hivyo, hauulizi tena kichwa. Nikamtazama mdogo wangu wa tumbo moja, nikaona ni mkubwa kunishinda, nikamzungushia kalamu mpaka pale alipofika yule dada wa kwenye video. Mimi nilianza na kidogo kwa woga. Yeye, ambaye hajawahi kuigusa dawa ile, nikampa ya juu siku ya kwanza, na kalamu ilikuwa ileile yangu, nimebadilisha tu sindano ya mbele na kujiona mtaalamu.

Na kibaya zaidi ni hiki. Mfugaji akija hapa dukani na ng'ombe mgonjwa, namuuliza anakunywa maji, anaharisha, ana mimba, wiki iliyopita alichomwa nini na nani. Asiponijibu simpi dawa. Wananiita mkorofi kwa ajili hiyo. Magdalena sikumuuliza hata swali moja.

Jumatano alitapika. Alhamisi alitapika, maji tu. Nilichukua simu nikaandika, "kutapika baada ya sindano ya kupunguza mwili." Ikanijibu kwamba ni kawaida, mwili unaizoea, itapita. Nikamsomea kwa sauti kama mhudumu wa kanisa anayesoma matangazo. Akasema, "Dada, nahisi kichwa kinaelea." Nikamwambia, "Vumilia, ni dawa inafanya kazi, hata mtandaoni wameandika." Na walichoandika hakikuwa uongo, kwa baadhi ya watu ndivyo inavyokuwa. Lakini waliandika bila kujua kwamba anayesomewa ana vidonge vya sukari juu ya kabati, amepewa dozi isiyo yake, na kesho yake ni Ijumaa ya kufunga. Mimi nilijua yote matatu.

Ijumaa alimeza vidonge vyake asubuhi, hakula, akashinda shambani na mimi. Jioni aliingia jikoni kusonga ugali. Nilisikia sufuria. Nilipofika alikuwa amelalia mafiga kwa upande, anatetemeka, macho yamegeuka, na mkono uko ndani ya makaa. Nilimvuta. Sitakuandikia harufu.

Mwenyekiti wa kwaya anakaa nyumba ya tatu, alisikia kelele akaja na gari la mwanawe, tukampeleka. Hospitalini mganga alimtoboa kidole, akapima, akasema sukari imeshuka sana, wakamwekea dripu haraka. Kisha akanigeukia. Kijana mdogo, mpole, amechoka. Akaniuliza, "Mama, mbali na vidonge vya sukari, kuna dawa nyingine yoyote ametumia? Ya kienyeji, ya dukani, ya kuchoma?"

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika kandambili za Magdalena.

Nikasema, "Hapana, daktari."

Sukari ilishuka tena mara mbili wakiwa hawajui kwa nini. Kila mara yule kijana alirudi kitandani anakuna kichwa, na kila mara mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi na jibu lake mdomoni. Siku ya tatu ikatulia. Nilimshukuru Mungu, nikajiambia yameisha. Magdalena alipopata nguvu akaninong'oneza, "Dada, siyo ile sindano kweli?" Nikamwambia siyo, nimeangalia kwenye simu, hakuna mahali wamesema inaangusha watu. Nikamwambia asiitaje, watu watatucheka. Akakubali, kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa na hajawahi kunibishia tangu tukiwa wadogo.

Akarudi Balangdalalu na bandeji. Huko wakweze waliuliza, naye akajibu alivyoambiwa, sukari ilishuka. Mama mkwe wake, yule bibi mfupi uliyemwamkia kwenye harusi, akamuuliza swali ambalo mtu mwenye akili angeuliza: "Vidonge hivyo umemeza miaka yote, kwa nini vikuangushe leo?" Mtu ameanguka, ametetemeka, ameungua motoni. Wakasema ni kifafa. Usiwadharau kwa hilo, ukiwadharau utakuwa umemkosea mtu asiye na kosa. Wao walitafuta sababu kwa macho yao na akili yao. Mimi niliyekuwa na sababu yenyewe nilikuwa naimba sauti ya pili hapa Daudi na sare ya bluu.

Tangu siku hiyo mama yako mdogo haachiwi kukaa peke yake na moto. Ana kikombe chake na sahani yake, wengine hawavigusi kwa kuogopa kuambukizwa. Kisimani hateki, anatekewa. Hawamtesi, wanamwogopa tu, na yeye mwenyewe ameanza kujiogopa. Uliniuliza mwaka jana kwa nini hakuja kwenye kipaimara cha mdogo wako, nikasema ana kazi nyingi. Hakuja kwa sababu aliona aibu kuanguka kanisani.

Nilipata kujua ukweli lini? Utafikiri jana. Ni miezi kumi sasa. Nilikwenda kituo cha afya kupima presha, nikamuuliza nesi mambo ya sindano zile, nikasema ni kwa ajili ya jirani. Alinitazama kidogo. Akanieleza kwa dakika tano kile ambacho wiki tatu za simu hazikunieleza: kwamba kila mtu anaanzia chini, awe mnene awe mwembamba, kwamba kalamu moja haichomi watu wawili hata ukibadilisha sindano, kwamba ile dawa na vidonge vya sukari vya aina ile vikikutana, sukari inaweza kushuka mpaka mtu aanguke, na asiyekula ndiyo zaidi, na mtu akitapika siku ya pili bila kushika hata maji, analetwa, hasomewi simu. Akamaliza kwa kuniambia, "Mwambie huyo jirani yako aje, mama. Hatumfokei."

Miezi kumi, Bibiana. Namba ya Magdalena ninayo. Nilikuwa nampigia kila Jumapili, tunaongea mahindi, tunaongea mvua, naagana naye, nakata. Mara moja aliniambia amepelekwa kwa mganga wa kienyeji akanyweshwa mizizi ya kifafa. Nilisema, "Pole, mdogo wangu." Hilo ndilo nililosema.

Kwa hiyo leo nilipoiona kalamu yako ndani ya soksi nilikaa kitandani kwako nikacheka, kicheko kibaya. Nilitaka kukuita nikufokee, nikasikia maneno yangu yangekuwa kama ya Daktari Kiuno, mtu anayesema sana na anayeficha nusu. Wewe sijui una nini mwilini. Hakuna anayejua, hujawahi kupimwa chochote tangu chanjo za utotoni. Labda uko sawa kabisa. Labda ile dawa ingekufaa, labda huihitaji hata kidogo, na kwa macho yangu huihitaji, lakini macho yangu ndiyo yaliyompima Magdalena kama dume la maksai. Ninachoweza kukuomba ni kwamba kabla hujaitia mwilini, mtu mwenye taaluma akuone wewe, akuulize maswali ya kukukera, nawe umjibu yote, hata lile la aibu. Hata kama aliyesimama pembeni yako ni mwenyekiti wa kwaya.

Ulipoondoka kwenda mjini saa nne, nilimpigia Magdalena. Sikungoja Jumapili. Nilimwambia kila kitu, kuanzia mizunguko ya kalamu mpaka "Hapana, daktari," mpaka yule nesi. Sikulia, nilijikaza nisilie, nisije nikafanya yeye ndiye anibembeleze.

Nilimaliza. Nikaita, "Magda?"

Akasema, "Nipo."

Halafu akasema, "Dada, mtoto wa mwanangu amefikisha miezi saba. Sijawahi kumshika. Wanamlaza kitandani, mimi nasimama mlangoni namtazama. Nilikuwa nasema ni haki yao, nikimwangusha je?"

Nikamwambia anisamehe. Akasema hataki kusikia neno hilo kwenye simu. Akasema niende mwenyewe, niwaambie wakweze wote wakiwa wamekaa, na mama mkwe wake awepo, na mwanawe na mke wa mwanawe wawepo, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya na nilichoficha. Akasema, "Mimi nikisema wataona najitetea. Sema wewe." Kisha akauliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema, "Mwandikie kabla hajapanda gari." Akakata. Hakuniaga, na hajawahi kunikatia simu bila kuniaga maisha yake yote.

Naogopa, mwanangu. Kuna watu kule watakaonitazama kwa namna ambayo nimewatazama wengine miaka mingi, na watakuwa sahihi. Habari itafika Daudi kabla yangu, na kwaya itajua ni kufunga gani nilikofunga. Sawa. Kesho gari lako likishaondoka stendi, mimi napanda la kwenda Hanang. Nitafika Balangdalalu jioni, nitasubiri watu wote wakae, nitamwamkia yule bibi shikamoo. Kisha nitachukua yule mtoto kitandani na kumweka mikononi mwa Magdalena, bibi yake, na kabla mtu hajanyanyuka kumnyang'anya nitasema: siyo kifafa, ni mimi.

Mama yako, kwa mkono wangu mwenyewe.